Bima ya Nyumba na Hasara "Iliyoweza Kuzuilika"

Jumamosi moja baada ya masika kuisha, jirani yangu, muuguzi mstaafu aliyezitumikia hospitali za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, alibisha hodi akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, kisha akasema: "Mwanangu, wewe si wanakuita daktari? Basi nitibie hii." Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya kurasa mbili, kwa Kiingereza, kutoka kampuni ya bima. Ilikuwa barua yenye adabu nyingi. Ilimpa pole kwa yaliyomkuta, ikamshukuru kwa uaminifu wake wa miaka mingi, na katika aya ya nne ikamwarifu kwamba madai yake yamekataliwa, kwa kuwa uharibifu wa paa lake ulitokana na uchakavu na ukosefu wa matunzo, na kwa hiyo "ungeweza kuzuilika".

Yaliyotokea nayajua kwa kuwa nilikuwapo. Mtaa wetu wa Kimara umekaa mlimani, na usiku ule upepo ulipanda bondeni na mvua yake pamoja. Uling'oa mabati matano ya upande wa jikoni na kuyatupa uani kwa jirani wa chini. Maji yaliingia hadi dari ya jipsamu ikaporomoka juu ya friji aliyokuwa akigandishia barafu za kuuza, na juu ya cherehani. Alfajiri tulikuwa watu sita tukichota maji kwa ndoo. Siku kumi na mbili baadaye alikuja mthamini wa hasara aliyetumwa na kampuni. Akapanda ngazi, akapiga picha za misumari yenye kutu na za mbao mbili za kenchi zilizokuwa zimeanza kuliwa na mchwa, akashuka, akaondoka. Picha hizo ndizo zilizozaa barua. Mama alipokwenda ofisini kwao kuuliza, kijana wa mapokezi alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nimeifikiria sana methali hiyo katika kinywa cha yule kijana. Kwa mtu asiye na bima, ni onyo la haki. Lakini mtu aliyekatwa ada kila mwaka kwa miaka tisa amelipia jambo moja tu: kwamba ukuta ukianguka, atakuwapo wa kumsaidia kuujenga. Kumjibu kwa methali hiyo ni kumrudishia maneno na kubaki na fedha.

Hoja yangu ni kwamba maneno "hasara iliyoweza kuzuilika", kwa namna yanavyotumiwa sasa dhidi ya wenye nyumba, yanaifuta bima yenyewe. Yakiachwa yatambe yapendavyo, hakuna hasara itakayolipwa isipokuwa ile isiyotokea.

Hebu tufikiri pamoja. Ni hasara gani ya nyumba ambayo haiwezi kuzuilika? Moto wa jikoni ungezuilika kama mwenye nyumba angezima jiko kabla ya kwenda kufungua mlango. Moto wa umeme ungezuilika kama nyaya zingekaguliwa. Mwizi angezuilika kwa nondo nene zaidi, mti ulioangukia paa ungezuilika kwa kukatwa mwaka jana. Hata mafuriko, ambayo sote huyaita kazi ya Mungu, yangezuilika kama mtu angejenga kwingine. Ukirudi nyuma vya kutosha katika mnyororo wa sababu, hukosi kumkuta binadamu aliyesahau, aliyechelewa, aliyekosa fedha, au aliyesema "nitalifanya wiki ijayo". Bima iliundwa kwa ajili ya binadamu huyo. Malaika hawana haja nayo.

Anayetilia shaka na atazame bima ya magari, ambayo kila msomaji wangu mwenye chombo cha moto anaijua. Sheria inatulazimisha kukata bima kwa ajili ya watu wengine barabarani kwa sababu madereva ni wazembe. Mtu anapogongwa na gari lililokuwa kwenye mwendo wa kasi, hakuna kampuni inayosimama kusema kwamba ajali hiyo ingezuilika na kwa hiyo majeruhi asilipwe. Uzembe ndio kitu chenyewe kilichokatiwa bima. Iweje uzembe wa dereva, unaoua, ufidiwe, na usahaulifu wa bibi wa miaka sitini na minne asiyeweza kupanda juu ya paa lake usifidiwe?

Sheria ya bima ambayo nchi yetu iliirithi haikuwahi kusema vinginevyo. Wanafunzi wa sheria miongoni mwenu wanajua kesi ya Harris dhidi ya Poland, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1941. Mwanamke mmoja, kwa kuogopa wezi, alificha vito vyake ndani ya tanuri la sebuleni, chini ya makaa na kuni. Baadaye akasahau, akawasha moto. Vito vikaungua. Je, kuna hasara inayozuilika kuliko hiyo? Na bado mahakama iliamua kwamba bima yake ya moto inamlinda, kwa kuwa moto ulikuwa umeunguza kitu ambacho haukukusudiwa kukiunguza, na hilo ni janga kwa maana ya mkataba. Kusahau kwake hakukumnyima haki.

Halafu kuna kesi ya Fraser dhidi ya Furman ya mwaka 1967. Hapo mahakama ya rufani ya huko ilitafsiri sharti ambalo leo liko karibu katika kila mkataba wa bima, lile linalomtaka mwenye bima achukue tahadhari zinazofaa kuzuia hasara. Jaji Diplock alisema kwamba sharti hilo haliwezi kumaanisha kuwa mwenye bima asiwe mzembe hata kidogo, maana likimaanisha hivyo basi linaondoa kile kile ambacho bima ilinunuliwa ili kukilinda. Maana yake ni kwamba mwenye bima asiwe mtu aliyeiona hatari kwa macho yake, akajua ni hatari, na akaipuuza kwa makusudi kwa sababu ana bima. Miongo kadhaa baadaye tafsiri hiyo ilitumika hukohuko kwa bima za mali za watu wa kawaida.

Najua nitakumbushwa kwamba sheria za Uingereza zilipokewa hapa kwa kikomo cha tarehe 22 Julai 1920, na kwamba hukumu za baada ya hapo hazizifungi mahakama zetu. Ni kweli. Ni za kushawishi tu. Lakini mikataba ambayo kampuni zetu hutumia imenakiliwa kutoka mikataba ya hukohuko, mara nyingi neno kwa neno. Hatuwezi kuagiza sharti kutoka London na kuiacha bandarini tafsiri yake inayomlinda mteja.

Sasa niwatendee haki wapinzani wangu, maana hoja yao si ya kijinga. Wanasema: bima ikilipa kila kitu, nani atapigilia msumari? Watu wataacha nyumba zioze wakisubiri kampuni iwajengee mpya, na gharama hiyo itabebwa na wenye bima waangalifu kwa njia ya ada kubwa. Bima ni mfuko wa pamoja, wanasema, wala si mfuko wa matengenezo. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Bati lililokwisha kwa kutu si janga, ni umri. Sheria ya Uingereza ya bima ya baharini ya mwaka 1906 iliweka mambo mawili katika kifungu kimoja, cha 55. Ilisema mtoa bima halipii uchakavu wa kawaida. Lakini pia ilisema kwamba analipa hasara iliyosababishwa na janga lililokatiwa bima hata kama isingetokea bila uzembe wa nahodha au mabaharia. Waandishi wa sheria ile walijua tofauti kati ya ubao uliooza na meli iliyozama katika dhoruba. Tofauti hiyo ndiyo inayozikwa leo.

Turudi kwa paa la Mama. Misumari yenye kutu ni ya kwake, naye hadai misumari. Mbao mbili zilizoliwa na mchwa ni za kwake pia, na yuko tayari kuzinunua. Anachodai ni mabati yaliyong'olewa na upepo, dari, friji na cherehani. Misumari hiyo yenye kutu ililishikilia paa lile katika masika zote zilizotangulia. Kilichobadilika usiku ule ni upepo, na mkataba wake unataja dhoruba miongoni mwa majanga yanayolipwa. Nimeusoma. Nchini Marekani, ambako makampuni ya bima hayajulikani kwa huruma, mkataba wa kawaida wa nyumba hautoi fidia kwa uchakavu, kuoza na maji yanayovuja kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Lakini hulipa hasara ya maji yaliyomwagika ghafla bomba lilipopasuka, hata kama bomba lenyewe lililochakaa halilipwi. Na neno "uzembe" katika mkataba huo lina maana finyu iliyoandikwa wazi: ni mwenye nyumba kushindwa kuchukua hatua zinazofaa kuokoa mali yake wakati janga linapotokea na baada ya hapo. Halizungumzii alichokiacha miaka mitatu kabla. Kwa kipimo hicho Mama alifanya kazi yake: saa tisa za usiku alikuwa akiburuta magodoro kuyapeleka sebuleni.

Kuna jambo linalonikera kuliko tafsiri ya maneno, nalo ni saa ambayo ukaguzi hufanyika. Katika miaka tisa ya kupokea ada, kampuni haikutuma mtu hata mara moja kulitazama paa lile. Siku ya kukata bima ilitosha thamani ya nyumba iliyoandikwa kwenye karatasi za mkopo. Kila mwaka bima ilihuishwa yenyewe, fedha zikikatwa kwenye akaunti kabla hajajua. Siku ya madai, ghafla ngazi ikapatikana, na kamera, na mtaalamu anayejua umri wa msumari kwa kuutazama. Kama uchakavu wa paa ni jambo zito kiasi cha kuvunja ahadi, ulikuwa zito pia siku ya kuchukua ada. Mtu hawezi kukununulia mbuzi akiwa amefumba macho kwa hiari yake, akamla miaka tisa, kisha akafumbua macho siku ya kulipa na kusema mbuzi alikuwa na chongo.

Ada ilikuwa ikikatwa, narudia, kwa sababu benki ilisema hakuna mkopo bila bima. Mkataba wenyewe ulikaa benki. Mama alipewa nakala baada ya kukataliwa madai, na baada ya kuandika barua mbili za kuiomba. Umeandikwa kwa Kiingereza, kurasa kumi na tisa, na orodha ya mambo yasiyofidiwa inaanza ukurasa wa kumi na moja kwa herufi ambazo mimi, mwenye miwani, nilizisogeza dirishani ili nizisome. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu na ya utoaji haki mahakamani. Tumekubaliana basi kwamba mwananchi ana haki ya kuhukumiwa kwa lugha anayoielewa, lakini tunaona sawa afungwe na mkataba kwa lugha asiyoielewa. Mama anajua Kiingereza cha dawa na cha chati za wagonjwa. Kiingereza cha mawakili wa bima hakijui, na simlaumu. Mimi mwenyewe kilinichukua jioni mbili.

Uingereza yenyewe, chimbuko la mikataba hii, ilitunga sheria ya haki za walaji mwaka 2015 inayotaka masharti ya maandishi kati ya mfanyabiashara na mlaji yawe wazi na kwa lugha nyepesi inayoeleweka, na inayosema kwamba neno likiwa na maana mbili, itachukuliwa ile inayomfaa mlaji. Kanuni hiyo ya pili ni ya kale na inatambuliwa katika sheria ya mikataba tuliyoirithi: aliyeliandika neno lenye utata ndiye abebe hasara ya utata wake. Na iko kanuni nyingine ambayo kila mwenye bima anapaswa kuijua kabla hajakunja barua ya kukataliwa na kuiweka kabatini. Mwenye bima akishaonyesha kwamba amepata hasara kwa janga lililotajwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hasara hiyo imo katika mambo yasiyofidiwa unahamia kwa kampuni. Si juu ya Mama kuthibitisha kwamba misumari yake ilikuwa mizima. Ni juu yao kuthibitisha kwamba kutu, na si dhoruba, ndiyo iliyoliondoa paa. Picha tatu za msumari hazithibitishi hilo, hasa zinapopigwa siku kumi na mbili baadaye katika mwezi wa mvua.

Nina neno pia kwa watumishi wa umma wanaonisoma, nanyi ni wengi. Neno "kuzuilika" linaomba swali lake: na nani? Katika mtaa wetu kuna nyumba nyingine, chini kidogo, ambayo ukuta wake wa nyuma ulianguka kwa sababu mtaro wa barabara umezibwa na taka na mchanga tangu nisikumbuke lini. Maji yakikosa njia yanapita kwenye kiwanja cha mtu. Huyo naye aliambiwa hasara yake ingezuilika. Bila shaka! Ingezuiliwa na halmashauri kwa koleo na siku mbili za vibarua. Jiji la Dar es Salaam limekuwa likihesabu mafuriko na kuyasahau. Desemba 2011 watu zaidi ya arobaini walifariki na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kuwa mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Katika nchi yenye hesabu za namna hiyo, kumwachia mwenye nyumba mmoja mmoja jukumu lote la kuzuia, kisha kumnyima fidia kwa kushindwa kuzuia lililozishinda taasisi nzima, ni dhuluma iliyovaa suti.

Wala serikali haiwezi kusema hili ni jambo la watu binafsi. Bima katika nchi hii ilikuwa mali ya umma kwa karibu miaka thelathini, tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 lilipoacha soko lote mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Simlilii yule wa zamani. Wazee wetu wanakumbuka foleni zake. Ila tulipofungua mlango tuliahidiwa kwamba msimamizi atasimama mlangoni. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na ikaweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na tangu 2022 sheria imekuwa ikizidi kulazimisha bima, kuanzia masoko ya umma hadi majengo ya biashara, baada ya sote kuona soko la Kariakoo likiungua Julai 2021. Dola inayowalazimisha watu kununua kitu ina wajibu wa kuhakikisha kwamba kitu hicho kipo.

Ninachotaka mamlaka ifanye hakihitaji sheria mpya ya Bunge. Iagize kwamba mambo yasiyofidiwa yaandikwe kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja, yasainiwe na mwenye nyumba mwenyewe kabla ada ya kwanza haijakatwa, na nakala abaki nayo yeye, si benki. Iseme kwamba kampuni ambayo haikuikagua nyumba wakati wa kukata au kuhuisha bima haitasikilizwa ikidai uchakavu ambao ukaguzi wa kawaida ungeuona. Itofautishe kitu kilichochakaa na hasara iliyoletwa na janga, ili cha kwanza kisilipwe na ya pili ilipwe. Na sharti la kuchukua tahadhari lisomwe kama Diplock alivyolisoma: limwondolee haki aliyepuuza kwa makusudi tu. Kuhusu wathamini wa hasara wanaolipwa na upande mmoja wa mgogoro sitasema mengi leo. Ni mada inayojitegemea, na nimeshapata simu mbili kuihusu.

Nanyi wanafunzi wangu mtakaoajiriwa na kampuni hizi, maana wengi wenu mtaajiriwa huko na sioni aibu katika hilo: siku mtakapopewa barua ya namna hii muisaini, ombeni kwanza kuona ripoti ya ukaguzi wa siku bima ilipokatwa. Kama haipo, andikeni hivyo kwenye faili.

Mimi na Mama tuliandika malalamiko kwa Kiswahili, kurasa tatu, tukaambatisha picha nilizopiga alfajiri ile kwa simu, zikionyesha mabati uani kwa jirani na misumari ikiwa bado imeshika vipande vya mbao nzima. Nakala ya kwanza tuliipeleka kwenye kampuni yenyewe, kama utaratibu unavyotaka; wakikataa tena, ya pili inakwenda kwa Msuluhishi. Ni wiki ya saba sasa. Jikoni kwake kuna turubai la bluu lililofungwa kwa kamba za katani, na mafundi wamemwambia kwamba misumari mipya, ile yenye mpira, itauzwa kwa kilo. Ada ya mwaka huu imeshakatwa.